Dada Kuvu na Sahani Nyeupe

Jina lake kamili mmeliona kwenye jalada, chini ya picha aliyopigwa akiwa hataki. Humu ndani nitamwita Dada Kuvu, kwa kuwa ndilo jina aliloliitikia tangu utotoni, na mgeni aliyemwita daktari nyumbani kwake aliambiwa avute kiti kwanza apoe. Mimi ni mdogo wake wa pekee, fundi cherehani wa mtaa wa stesheni. Wasifu huu nimeuandika mwenyewe, na palipokwenda upande lawama ni zangu. Kamati ya mazishi iliniomba kwa upole niondoe fungu moja. Nilimuuliza shemeji, mume wa marehemu, akanijibu bila hata kunitazama, "Soma lote." Kwa hiyo limechapishwa lote, na nitalisoma lote.

Marehemu alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Machi 1969, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa kwanza wa baba mpiga chapa na mama mkunga. Mama ndiye aliyekuwa mkunga wa mtaa mzima, kwa hiyo siku ile alilala kitandani akimwelekeza jirani la kufanya na kumgombeza kila alipokosea. Wote waliosimulia habari hiyo walisema mtoto alitoka akiwa amekunja uso, kama aliyechoshwa na kelele.

Jina la Kuvu alilipata kwa gharama yangu. Akiwa na miaka tisa, alichukua kiatu changu kimoja cha shule, akakilowesha, akakificha chini ya kitanda ndani ya boksi ili aone ukungu utaotea wapi. Nilikwenda shule na ndala, nikachapwa. Mama alipokifichua kile kiatu kilikuwa kimeota manyoya ya kijivu na ya njano, akakishika kwa ncha ya vidole na kusema, "Jamani, huyu mtoto anafuga uozo." Dada alilia kilipotupwa, akataka kujua kama manyoya yale yataumia. Kiatu hicho hakijalipwa hadi leo, na sasa deni limekwenda na mwenyewe.

Alianza shule ya msingi mwaka 1976, ile iliyotazamana na ghala la nafaka, na humo ghalani ndimo alimowafahamu fukusi, wale wadudu wadogo weusi wenye pua ndefu wanaotoboa punje za mahindi. Mwaka 1983 alikwenda sekondari ya bweni, na mwaka 1988 akaingia chuo kikuu kusomea sayansi ya mimea na wadudu. Mlinzi wa bweni la chuo alimwona dada na msichana mwingine wamevaa sweta za kijani zilizotoka bunda moja la mitumba, akawaita mapacha. Yule mwenzake alikuwa wa kutoka mbali, mcheshi, mwepesi wa kulia na mwepesi wa kucheka. Tangu siku hiyo waliitana Pacha, na sisi wa nyumbani tukamwita hivyohivyo. Likizo alikuja kwetu. Mama alimpimia chakula bila kuuliza kama ameshiba, kama alivyotupimia sisi.

Tarehe 3 Januari 1994 wote wawili waliajiriwa katika taasisi ya utafiti wa wadudu waharibifu. Walipewa chumba kimoja mwisho wa korido ya chini, jirani na choo ambacho mlango wake haukufunga tangu jengo lijengwe. Kilikuwa na meza mbili, friji moja, mitungi ya fukusi iliyofungwa vitambaa mdomoni na rafu za sahani ndogo za kioo zenye rojo la sukari. Juu ya rojo hilo iliota kuvu yake, ile ya kijani, inayoua wadudu na kuwaacha wamefunikwa unga wa kijani kama chokaa ya rangi.

Makoti yake meupe nilishona mimi. Kila nilipompima alinihutubia kazi yake huku nimebana pini mdomoni, siwezi kujibu. Mbegu ya kuvu, alisema, ikiangukia mgongo wa fukusi haijui imetua wapi. Haina jicho wala pua. Inaonja. Ikionja mafuta yaliyo juu ya ngozi ya mdudu, habari hupita ndani kwa ndani, jeni moja inaiamsha nyingine, na ile nyingine inaiamsha ya tatu, hadi agizo linafika: tumefika, jenga msumari. Hapo mbegu inajikaza, inatoboa ngozi kwa nguvu na kwa dawa za kuyeyusha, inaingia kwenye damu. Humo kuna askari wa mwili wa mdudu. Kuvu inajifunika koti, askari wanapita kando wakidhani ni mwenzao, nayo inakula taratibu mpaka mwenye mwili amekwisha.

Niliwahi kumwambia kwamba hata wateja wangu wengine huniingia hivyohivyo. Alicheka mpaka pini ikamchoma.

Kazi ya maisha yake ilikuwa kuitafuta jeni ya kwanza katika mnyororo huo, ile inayopokea habari kutoka nje. Aliipata, akaiita kengele. Alionyesha kwamba kuvu yenye kengele ilimuua fukusi, na kuvu iliyotolewa kengele ilikaa juu ya mgongo wa fukusi kama vumbi tu, haijui la kufanya. Alionyesha na jambo lingine ambalo naomba mlishike, maana ndilo lililomwua jina kabla hajafa mwili. Kuvu ikilelewa kwenye sukari muda mrefu, ikihamishwa kutoka sahani hadi sahani bila kuonja mdudu, kengele inanyamaza. Kuvu inasahau kuua. Inaacha kutoa unga wa kijani, inakuwa nyeupe na laini kama pamba. Kwa hiyo mwenye kuitunza lazima kila mara airudishe kwa fukusi walio hai, angoje wafe, wageuke kijani, ndipo achukue mbegu mpya kutoka kwao. Kwa watu wa kazi ile hilo ni jambo la lazima kama sisi kutia mafuta cherehani. Wao walilisema kwa neno moja, kulisha.

Katikati ya kazi hizo alipata mume. Mwaka 1996 chupa ilimpasukia mkononi, gari la wagonjwa likaitwa, na dereva wake alimkuta amekaa ngazini amefunga kidonda kwa kitambaa, anamwelekeza Pacha namna ya kufunika sahani. Alikataa kupanda gari mpaka sahani zifunikwe. Dereva alisubiri, akasubiri na mwaka mzima baadaye, na Jumamosi, tarehe 20 Desemba 1997, wakaoana. Msimamizi wa bibi harusi alikuwa Pacha. Gauni nilishona mimi, na kwa agizo la bibi harusi nilitia mfuko ndani. Sikuuliza wa nini. Walijaliwa binti mmoja, aliyezaliwa tarehe 9 Agosti 2001, na tangu alipoanza kusema alimwita Pacha Mama Mdogo.

Sasa nafika kwenye fungu lenyewe.

Oktoba 2019 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya damu, akalazwa hospitali ya rufaa kwa miezi mingi. Kabla hajaondoka alimkabidhi Pacha kuvu yake. Nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka koti. Alisema, "Nilishie tu, mengine yatangoja." Pacha alimkumbatia, akamwambia aende akatibiwe, kwamba kuvu ile ni mwanawe pia. Walilia wote wawili. Na mimi nililia, sioni aibu kusema.

Alirudi mwaka 2020, nywele zimeisha, hawezi kupanda ngazi. Wakati huo taasisi ilikuwa imewaalika wataalamu wa nje waje kurudia jaribio la kengele, ili kazi ile ikubalike na dawa ya kulinda maghala itengenezwe. Kwa kuwa dada hakuwa na nguvu, kuvu ya jaribio ilitolewa na Pacha. Wataalamu wakaipaka kwa fukusi, yenye kengele na isiyo na kengele. Fukusi wote waliendelea kula mahindi. Hakufa hata mmoja.

Alhamisi, tarehe 11 Februari 2021, taasisi nzima iliitwa ukumbini. Dada alisimama akiegemea kiti, akasema inawezekana kuvu ilikaa kwenye sukari muda mrefu. Mwenyekiti akamgeukia Pacha. Nayasema maneno yake kama dada alivyonisimulia, na wapo hapa waliokuwemo ukumbini, watanisahihisha. Pacha alisema, "Niliilisha fukusi kama alivyoniagiza. Sikukosa hata mara moja." Mwenyekiti akauliza, kama ni hivyo, matokeo ya kwanza yalitoka wapi. Pacha akasema, "Hilo aulizwe mwenyewe."

Hakuna aliyemtetea. Iliamuliwa kwamba alipika matokeo. Sahani zote zilichemshwa na kutupwa kwa amri ya mkutano. Fundi alikuja na bisibisi akang'oa kibao cha jina lake mlangoni, kibao cha Pacha kikabaki peke yake. Dada alikuwa na fukusi mmoja aliyegeuka kijani miaka ya nyuma, aliyemhifadhi kwenye boksi la kiberiti ndani ya friji ya nyumbani, kando ya mayai, jambo ambalo shemeji alilalamikia kila wiki. Alikipeleka kile kiberiti kwa mwenyekiti kama ushahidi. Aliambiwa ushahidi hauletwi kwenye kiberiti, na watu wakacheka. Akakirudisha kando ya mayai.

Nataka mfahamu kilichomuuma, maana wengi mlidhani ni kazi. Haikuwa kazi. Baada ya siku ile hakuwahi kumshuku Pacha. Aliona ni rahisi yeye kuwa amekosea kuliko Pacha kuwa amesema uongo. Alikuja dukani kwangu, anakaa kwenye kigoda kati ya majora ya vitambaa, ananiuliza mimi, mshona suruali, kama inawezekana mtu kuona kitu anachotamani kukiona. Aliniuliza kama mtu anaweza kuhesabu fukusi waliokufa na kumbe wamelala. Nilimwambia yule rafiki yako amekugeuka. Alisimama, akachukua mkoba wake, na mwezi mzima hakukanyaga dukani. Aliporudi alinikataza kulirudia neno lile.

Ugonjwa ulirejea Machi 2022, na safari hii madaktari walisema arudi akauguzwe nyumbani. Shemeji, aliyebeba wagonjwa wa watu maisha yake yote, alimbeba wake mwenyewe kwenye gari lilelile.

Jumapili, tarehe 5 Juni, mchana, Pacha alikuja. Nilikuwa chumbani nafupisha mikono ya gauni la kulalia. Nilitaka kutoka, dada akanifanyia ishara nikae. Pacha hakuketi. Alishika chuma cha kitanda, akasema, "Pacha, ile kuvu niliyowapa ilikuwa nyeupe."

Dada alijiinua kidogo kwenye mto.

"Nilisahau kuilisha," Pacha akasema. "Kwanza wiki, halafu nikaona haya, halafu nikaacha. Siku wanakuja nilifunua sahani nikaona pamba tupu. Nikaogopa."

"Uliogopa nini?"

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza," dada akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ilibidi nisimamishe mkasi ili nisikie. "Ningekununia wiki moja. Halafu tungeianza upya, mimi na wewe."

Pacha alianza kulia. Dada hakulia. Alimuuliza kama anajua kwamba mwenzake amekaa mwaka mzima na zaidi akijiona mwongo, kitandani, jikoni, mbele ya binti yake. Alimuuliza kama siku ile ukumbini alipata nafasi hata ya kumtazama. Pacha akasema anaomba msamaha. Dada akamjibu kwa neno ambalo sikulitarajia. "Usiniombe mimi. Mimi sikuwa na haja ya kuambiwa na wewe hapa, mlango umefungwa. Kaseme kule ulikosemea yale. Wale waliokusikia wakusikie tena."

"Nitasema."

"Lini?"

"Ukipata nafuu tutakwenda pamoja."

Sote watatu tulijua kwamba nafuu haipo. Pacha alimbusu kwenye paji la uso, akaondoka. Nilisikia mlango wa nje ukifungwa taratibu, kama anaogopa kumwamsha mtu.

Jioni ileile dada alimwita binti yake, ambaye sasa anasomea kilimo, akamwambia akalete kiberiti. Binti alitia fukusi wazima kwenye mtungi wa mahindi, akawanyunyizia vumbi la yule fukusi wa zamani, akauweka mtungi dirishani, mama yake auone akiwa amelala. Siku za mwanzo fukusi hawakuwa na habari. Dada alikuwa akiwatazama, analala, anaamka, anawatazama. Halafu wakaanza kuanguka mmoja mmoja, na asubuhi moja binti aliuinua mtungi kwenye mwanga, wamegeuka kijani. Dada aliomba usogezwe karibu na uso wake. Alisema haithibitishi kila kitu, kwamba kengele bado itataka jaribio lake kamili na mikono isiyo ya mtoto wake, lakini kuvu aliyoifanyia kazi ndiyo hii, na ile waliyoitumia haikuwa hii. Kisha akaomba uji, akanywa nusu kikombe. Ilikuwa siku yake njema ya mwisho.

Aliendelea kungoja habari kutoka taasisi. Hakusema kwamba anangoja, ila kila gari lililosimama nje aligeuza shingo. Nilimwambia niende nikaseme mimi. Akakataa, akasema neno hilo si langu. Alifariki Jumanne, tarehe 19 Julai 2022, alfajiri, mume wake amemshika mkono na binti amemshika mwingine. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitatu.

Nimeandika haya nikiwa na hasira, na hasira bado ninayo. Huyu mtu alikula kwetu. Mama yetu alimwombea kwa jina, baada ya jina langu. Angekuwa mtu wa kando ningemtukana nikamaliza. Lakini najua hata namna anavyopenda chai yake, na hilo ndilo linalonikera, kwamba hata kumchukia sijui nianzie wapi.

Marehemu ameacha mume, binti, na mimi mdogo wake. Ameacha mtungi mmoja wa fukusi wa kijani, ambao binti yake anaulisha kama inavyotakiwa. Na wiki moja kabla hajafa, nikiwa nimekaa naye, aliniagiza kwamba siku ya kusoma majina ya waliobaki nisimruke mtu. Nilijifanya sielewi. Akasema, "Na pacha wangu." Basi nimetii. Ameacha na pacha wake.

Mkifungua ukurasa unaofuata mtaona imeandikwa salamu kutoka kazini kwa marehemu. Kamati ilipanga wasemaji watatu. Sisi wa familia tumewaomba wawili watuwie radhi, tumeacha nafasi yote kwa mmoja. Taasisi nzima imekuja, nawashukuru, na nimewaangalia mlivyokaa. Mwenyekiti yupo mstari wa mbele. Wote waliokuwemo ukumbini siku ile wamo chini ya turubai hili, na hakuna mlango uliofungwa.

Mama Mdogo, uliahidi kwamba mtakwenda pamoja. Huyu hapa, amekuja. Simama useme. Mwili wa dada yangu tutaulaza upumzike leo, na jina lake litapumzika ukishamaliza.